Fundo la Majani Kando ya Bwawa

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze mchezo nilioupenda kuliko mpira: kuvua kwa upinde. Kwangu haikuwa kazi, maana samaki wa kuuza hutafutwa kwa wavu. Ilikuwa starehe ya Jumamosi. Unaingia majini hadi magotini, unatulia, kisha unalenga chini kidogo ya pale unapomwona samaki, kwa sababu maji humwinua machoni. Ukikosa usivunjike moyo. Sote tulianza kwa kuchoma matope.

Miaka ile ya themanini, baada ya uhaba wa bidhaa, biashara ilikuwa imefunguliwa, na maduka ya Masasi yalianza kujaa tena. Tukaacha kamba za katani, tukanunua nailoni. Ncha ya mshale tuliitengeneza kwa spoki ya baiskeli, na mshale wenyewe tukaufunga kwenye uzi uliozungushwa kwenye kopo la maziwa, ili samaki akichomwa umvute.

Mwalimu mwenzangu, mtu wa Makote, huko juu uwandani kusiko na mito, alikuwa ameoa hapa kwetu Lulindi. Kwa furaha ya harusi alimwahidi mama mkwe kwamba ziara yake ya kwanza atamletea kambale aliyemvua mwenyewe. Ziara ikaangukia wiki mvua zilipoanza. Alitaka sana aonekane mkwe wa kutegemewa, na watani wake wa Kiyao pale shuleni hawakumpa nafasi ya kupumua: "Mmakonde wa juu wewe, maji unayajua ya mtungini tu!"

Akatangulia bwawani peke yake. Nilipofika nilimkuta ameshaingia majini, upinde ameuvuta. Nyuma yake, penye njia, kulikuwa na kijiti kilichofungwa fundo la majani.

"Hukuliona fundo?" nikamuuliza.

"Nimeliona. Nimepita mbali na mikorosho ya watu, sijaokota hata bibo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwao juu, kitu kikifungwa namna ile ni dawa ya kulinda korosho zisiibiwe. Huku kwetu watu wa kando ya maji hulifunga mvua za kwanza zinapowapandisha kambale kwenye nyasi kutaga. Halifunguliwi, wala hapavuliwi, mpaka samaki wachanga waingie kwenye maji ya kina.

"Mtazame huyo tumbo lake," nikamwambia. Kambale alikuwa amelala nyasini, mzito, karibu kiasi kwamba hata yeye asingemkosa. "Ukimpiga huyo, umewapiga na wa mwakani."

"Na mama mkwe nimwambie nini?"

"Mwambie ulichokiona."

Akashusha upinde polepole, kama mtu anayerudisha sahani yenye nyama.

Jioni tulikwenda wote kwa mama mkwe. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Kambale yuko wapi?"

Akaeleza yote, macho chini, mpaka habari za mikorosho. Mama alicheka, akajifuta machozi kwa pindo la kanga. "Ungeniletea mwenye mayai, samaki ningekurudishia, binti yangu ningebaki naye. Sasa kaa ule."

Alikula ugali na kisamvu, akaongezwa, na tangu siku ile mama hakumwita mgeni tena.

Nawe ukifika kwenye maji usiyoyazoea, acha upinde begani, uwaulize kwanza wanaochota hapo kama samaki wameshamaliza kutaga.