Kengele ya Mwanangu

Mdogo wangu tunamwita Tayari, na si kwa sifa. Tangu utotoni ukimwuliza kama ameoga, "Tayari!" huku magoti yana vumbi. Amesoma? "Tayari!" na daftari liko chini ya kitanda. Mama anacheka, anamkumbatia kitinda mimba wake. Sisi wengine tulichapwa kwa makosa madogo kuliko hayo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi huyu alikua hivyohivyo, akaota na ndevu.

Kazi nilimtafutia mimi, kwenye ofisi ninayoandikia programu. Akaja na viatu vya kumeta na miwani asiyoihitaji. Mteja akiingia, anajaza skrini maandishi ya kijani yanayokimbia, hata hayahusu kazi. Wateja wanaona wamempata bingwa. Mimi nageuza kiti nisione.

Ikaja kazi ya hospitali. Kila kitanda cha wodi kiwe na kitufe, waya wake uende kwenye kompyuta mezani kwa manesi, mgonjwa akibonyeza kengele ilie. Kazi ya kawaida kabisa. Tayari akaandika programu inayokwenda kwenye waya wa kitanda cha kwanza na kuganda hapo mpaka kitanda cha kwanza kiseme neno. Kikisema ndipo inahamia cha pili, inaganda tena. Huko nyuma wengine wabonyeze mpaka vidole viote sugu, haina habari nao.

"Wewe," nikamwambia, "mhudumu wa hoteli anasimama kwenye meza moja mpaka mteja aamue, meza nyingine zife njaa? Ikabidhi mashine nyaya zote kwa pamoja, programu ilale, yeyote atakayeita aiamshe. Hata hubuni kitu, njia hiyo ipo tangu hujazaliwa."

"Dada nawe! Nimeijaribu, inafanya kazi."

Ameijaribu! Nilimwona kwa macho yangu. Alizunguka chumbani akibonyeza cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka cha mwisho, kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Kengele ingeachaje kulia? Ni wagonjwa gani hao wanaozidiwa kwa zamu?

"Badilisha," nikasema.

Kesho yake nikamwuliza. "Tayari," akajibu, hata hakugeuka.

Na katika wodi hiyohiyo alikuwa amelazwa mama yetu. Alivunjika paja, likaungwa kwa vyuma. Daktari alituita wote akatuonya: asiukanyage mguu ule kwa hali yoyote, akiukanyaga kabla mfupa haujashika, kutembea ndiyo basi tena. Akitaka kwenda haja, aite nesi. Nanyi hamumjui mama. Yule hana raha mpaka awazungukie watoto wake wote kwa miguu, kila nyumba aiachie ushauri ambao haukuombwa.

Asubuhi ya uzinduzi Tayari alivaa suti. Akabonyeza tokea cha kwanza hadi cha mwisho, manesi wakapiga makofi, programu ikarudi mwanzo. Mama, kichwa juu ya mto, akawaambia majirani zake: "Mnamwona huyo? Mwanangu. Kengele hii ameitengeneza yeye."

Kabla ya adhuhuri mgonjwa wa kitanda cha kwanza akaruhusiwa kwenda nyumbani. Godoro likakunjwa. Na ile programu ya bwana mkubwa ikasimama pale, inalisubiri godoro libonyeze kitufe.

Mchana wagonjwa wakabonyeza, kimya. Kwa kuwa wana akili zao, wakaita, "Nesi! Nesi!" Manesi wakaja mbio, wakacheka kwamba watu hawajazoea vitufe. Mama hakuita. Alibonyeza, akangoja. Akabonyeza tena, akangoja. Mwisho, kwa kuona haya kujichafulia kitandani mbele za watu, akashusha miguu sakafuni.

Tulipofika walikuwa wamemrudisha kitandani. Vyuma vimepinda. Daktari hakutuzungusha, alisema ndiyo hivyo, hatatembea tena. Nilimgeukia mdogo wangu, naye akakwepa macho yangu, nikajua hakubadilisha hata mstari mmoja. Akapiga magoti pale, kamasi zinamtoka, ile miwani imemkaa upande.

"Mama, kwa nini hukuita? Si ungepiga kelele tu!"

Mama akamshangaa. "Nipige kelele ya nini, na kengele umeweka wewe?" Akampapasa kichwa. "Usilie, baba. Itakuwa mimi sikubonyeza sawasawa. Vidole vyenyewe ndivyo hivi, vimezeeka."

Nikangoja aseme. Mdomo wote ule, maneno yote yale ya kuwatisha wateja, nikangoja atoe neno moja tu, amwambie mama kwamba alibonyeza vizuri.

Akafuta kamasi, akanyamaza.