Maji Yaliyokataa Kufika Mia

Nilitoka Mombasa kwa gari la moshi hadi Nairobi, kisha nikadandia lori la viazi hadi Chaka, kufundisha sayansi katika shule ya harambee. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mdomo mrefu. Siku ya kwanza nikaamuru: "Darasani mwangu, andika ulichokiona kwa macho yako, si ulichoambiwa!"

Tukachemsha maji. Kipimajoto kikagoma kwenye tisini na nne, na kitabu kilisema mia. Shuleni kwetu Mombasa maji yalifika mia! Nikakitukana kipimajoto, nikaagiza wote waandike mia.

Mwezi uliofuata akaja mkaguzi kuamua kama nitaajiriwa kwa kudumu. Nikarudia jaribio lile mbele yake. Maji yalipotokota, akamuuliza Wanjiru wa dawati la mbele, "Unaona ngapi?"

"Tisini na nne, sir. Lakini mwalimu alisema tuone mia."

"Ati mwalimu alisema?" Mkaguzi akanigeukia. "Kwenu ni wapi?"

"Mombasa, mzee."

"Basi kachemshie huko. Huku juu mlimani maji huchemka kabla ya mia."

Kesho yake niliondoka na sanduku langu. Darasa zima lilinipungia mikono madirishani.

"Safari njema, mwalimu! Huko yatafika mia!"