Mnyororo Alioufunga Bi Tatu

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, mie kijana nimepanga chumba kule Mbweni. Mti mkubwa wa mvinje wa jirani uling'oka ukaangukia chumba changu. Nikajikuta chali chini ya mabati, mguu umebanwa, naona upenyo mdogo tu wa mwanga. Maji ya mvua yaliingia na mchanga, yakaupaka mti ule tope tupu.

Akaja fundi Juma na chenso, ule msumeno wa injini unaokata kwa mnyororo wa meno. Niliambiwa baadaye kuwa alifunga mnyororo wa meno yenye kona kali, ile aina inayokata upesi kuliko zote. Ulilia kwa nguvu hata nikasema nimepona. Mara mlio ukalegea. Usoni kwangu ukamwagika unga laini kama kahawa, ikafuata harufu ya kuungua. Mchanga ulishaua makali. Maji nayo yananifika kifuani.

Ndipo nikasikia sauti ya Bi Tatu, mjane aliyekuwa akikata miti kwa chenso ya marehemu mumewe.

"Zima, baba. Hapo unasugua, hukati."

"Bi mkubwa, mtu anakufa humu ndani!" Juma akapaza sauti.

"Najua. Ngoja nifunge mnyororo mwingine kwenye yangu."

Mwanangu, watu walimfokea! Nilimsikia akifagia mchanga kwenye gome kwa ufagio, taratibu, kama anafagia uani kwake. Kisha chenso yake ikaanza. Meno yake yalikuwa ya kona za mviringo, hayana ile pupa, ila mlio haukupungua hata kidogo. Vikaanza kunidondokea vipande vinene, vibichi, vinanukia mti. Nikalia kwa furaha. Sijui nikueleze vipi. Ilikuwa kama kusikia mtu anakuja kukuchukua, na unajua atafika.

Gogo likakatika, wanaume wakalinyanyua. Juu yangu alisimama mama mfupi, kanga kiunoni, kalowa chapachapa.

"Pole, mwanangu," akasema, akaenda kufuta mashine yake.

Basi nawe unayeshika chenso leo, kabla ya kuuliza mnyororo upi una kasi, uangalie mti. Ukiwa safi na laini, funga kona kali, uifaidi kasi yake. Ukiwa mgumu, au umelala mchangani, funga kona za mviringo; utakata polepole kidogo, ila utamaliza. Na wakikupigia kelele, wewe funga vizuri tu.

Mungu akulindie macho na mikono, na kila utakayemfikia chini ya gogo, umkute anapumua.