Kosa la Pili Ubaoni

Mhadhiri Vesela Karadimova wa mji wa Ruse, Bulgaria, alikuwa ameutumia ujana wake kutafiti hisabati ya mafundo: namna ya kuthibitisha kwamba fundo fulani haliwezi kufunguka. Darasani, kila somo alipenyeza kosa moja makusudi ubaoni, na mfukoni akaweka peremende moja ya waridi kwa atakayeligundua. Hivyo wanafunzi wake walijifunza kutomwamini mtu bila kuhakiki, hata yeye.

Asubuhi hiyo Zhivko alinyoosha kidole. "Profesa, hapo ni kujumlisha, si kutoa."

"Ala! Kumbe leo umeamka," Milka akamtania, darasa likacheka. Vesela akampa Zhivko peremende yake.

Milka naye akainuka. "Na mstari wa mwisho, Profesa? Fundo lile lile umelihesabu mara mbili. Leo umetutega kweli kweli!"

Vesela aliutazama mstari ule. Mwandiko ulikuwa wake, lakini hakukumbuka kuuandika. Mama yake alianza hivyo hivyo, kabla hajalisahau jina la binti yake.

Wanafunzi walikuwa wakimpigia makofi.

"Peremende yangu, Profesa?"

Akatia mkono mfukoni, akapapasa na kupapasa, akijua kabisa hamna kitu.