Jino Lililonyamaza

Jino langu ndilo lililotangulia kuuma, na hadi leo natamani ningeling'oa tu nikanyamaza. Nilikuwa mwalimu Kitangari. Miaka ile serikali ilikuwa imeruhusu matibabu ya watu binafsi, na daktari wa meno mmoja alikuwa amefungua chumba chake Masasi. Alinichoma sindano ya ganzi, akatoboa jino, akasafisha mizizi yake kwa vijiwaya vyembamba, kisha akaniambia nirudi mara mbili zaidi kabla hajalivika kofia. Sikusikia maumivu yoyote. Mara ya pili nilisinzia kitini.

Lakini nilipofika nyumbani Chilangala, nani angesikiliza habari za mtu aliyesinzia? Mimi tangu utotoni ni mtu wa kutia chumvi. Niliwasimulia jinsi waya ulivyopanda mpaka nyuma ya macho, na wanaume wawili walivyonikalia magotini. Nikalia kama mbuzi. Watoto walivunjika mbavu. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Dada yangu mkubwa hakucheka. Alikuwa ameshika shavu, na mimi, mpumbavu, nikadhani ananihurumia.

Msimu wa korosho ulipofika, jino lake lilikuwa limeshamnyima raha kabisa. Nikamwambia twende Masasi.

"Kule walikokukalia magotini?" akasema. "Mdogo wangu, niache."

Ningesema kweli palepale. Niliona aibu mbele ya wanawe, nikacheka.

Mama akafanya walivyofanya wengi kwetu. Alipasua korosho mbichi, akachovya kijiti chenye pamba kwenye mafuta ya ganda, yale yanayobabua vidole vya wabanguaji, akakisukuma ndani ya tundu la jino. Mimi ndiye niliyemshika dada kichwa. Alitetemeka mwili mzima. Kesho yake maumivu yalikuwa yamekwisha. Alikula muhogo, akawa anamwita mama daktari. Jino likaanza kuwa jeusi. Nililitazama kila alipocheka, na sikupenda lilivyotulia.

Mwaka huo wanunuzi binafsi walilipa taslimu, na Newala kila aliyeuza korosho alitaka jino la dhahabu. Fundi mmoja aliweka kiti chake karibu na soko. Hakuuliza chini ya weusi ule kuna nini. Alilichonga kidogo, akalifunika kwa kofia ya kung'aa. Dada alirudi akitabasamu njia nzima. Alipendeza, sikatai.

Wiki ya tatu nilimkuta anarudi kuchota maji, ndoo kichwani, taya limevimba. Alisema haliumi. Siku mbili baadaye uvimbe ulikuwa umeshuka shingoni, mgumu kama muhogo mbichi, na meno yake hayakuachana tena. Mate yalimtoka kwa kuwa hakuweza kumeza. Nikaomba nafasi kwenye lori la korosho lililokuwa likishuka Masasi. Tulikaa juu ya magunia, kichwa chake kimelala kifuani kwangu, nikihesabu anavyovuta pumzi. Sijawahi kuogopa vile.

"Dada," nikamwambia, "kule hakuumi. Nilidanganya. Hakuna aliyenishika. Nilisinzia."

"Unanifariji tu," akasema kwa kubana meno.

Nikaapa. Akafumba macho, akanipigapiga mkono, kama mtu anayembembeleza mtoto muongo.

Hospitalini walipoitoa ile kofia, usaha ulitoka mwingi hata muuguzi akarudi nyuma. Daktari alisema sumu imeshateremka kifuani. Walijitahidi. Alifariki asubuhi ya siku ya pili.

Baada ya maziko mama aliniita nyuma ya nyumba. Hakuwa analia. Alikuwa akiviangalia vidole vyake.

"Mwanangu, ni yale mafuta yangu?"

"Hapana, mama," nikasema. "Ni yule fundi wa Newala."

Aliniamini mara moja.