Mapigo ya Mota kwenye Mlima wa Laare

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye gereji ya injini za kusagia mahindi mjini Embu, Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinishika mkono akaukandamiza juu ya injini ya dizeli. "Kabla ufungue kitu, sikiza na kiganja," aliniambia. Nikafanya hivyo hadi nikazeeka.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Meru, kwenye karakana ya pikipiki za umeme. Vijana hudhani mota ya umeme haitetemeki. Wapi! Ndani yake sumaku hupita mbele ya meno ya chuma, kila jino likizivuta kidogo, kwa hivyo nguvu hutoka kwa mapigo. Ukienda kasi huyasikii. Ukipanda mlima polepole na mzigo, yanapita kwenye cheni na fremu hadi kwenye usukani.

Mutuma, mbeba miraa wa Laare aliyeendesha pikipiki yetu moja, alitujia akiwa na hofu. Kila akifika kwa mnunuzi, vidole vilikuwa vimekufa ganzi, hawezi hata kufungua kamba ya mgomba iliyofunga mzigo.

"Fundi, hii mikono ikiisha, watoto watakula nini?"

Mhandisi wetu, binti mpole, alibadilisha programu ya kontrola, kile kisanduku kinachopimia mota umeme, ili mkondo upungue pale pigo linapozidi na uongezeke pale linapolegea. Mimi nikaweka raba mpya za kumeza mtetemo kwenye hab, kile kitovu cha gurudumu la nyuma. Mota ikatulia.

Kesho yake Mutuma alirudi akifoka. "Mmeiua! Hii kitu haina nguvu. Rudisheni ile ya kwanza!"

Alikuwa amezoea petroli, na kwake kutetemeka ndiyo nguvu yenyewe. Mhandisi alitaka kukubali. "Yeye ndiye anaendesha, mzee."

Nilikasirika. "Tutamrudishia. Lakini apande mlima kwanza, na mzigo."

Nilimfuata kwa pikipiki nyingine. Alipanda vizuri, akilalamika njia nzima. Huko juu, bado akinung'unika, aliinama akafungua fundo la kamba. Kisha akavitazama vidole vyake.

"Wacha ikae hivyo," akasema.

Sasa nimestaafu, niko Ishiara na mbuzi wangu. Zile injini za Embu ziliniachia mkono wa kulia usiosikia kitu. Kila Jumapili mke wangu hunifunga vifungo vya shati kabla ya kanisa. "Simama wima, mtoto wangu," hunitania, nami hucheka, ingawa bado naona aibu.

Mutuma hufunga vyake mwenyewe.