Ukuni wa Kibuyu cha Mama

"Huyo hatajua kutofautisha senetwet na kichaka cha mtoni, hata umpe mwaka mzima." Hivyo ndivyo jirani yetu, Bot Chelangat, alivyowaambia wanawake wa kijiji chetu karibu na Kapkatet, nami nikisikia. Leo nina diploma ya kutengeneza manukato niliyoipata ng'ambo kwa jasho langu, na ninasema bila haya kwamba mama yule alikosea.

Baba alikuwa amekwenda Kericho kukata msitu ili chai ipandwe, mti ukamwangukia, akafa. Kisha nzige wakamaliza malisho, ng'ombe wetu wakafa, Mama akalala na homa. Majirani walitukopesha maziwa, kibuyu leo, kibuyu wiki ijayo. Yalipaswa kukaa muda mrefu, na maziwa hayakai kibuyu kisiposuguliwa ndani kwa kaa la senetwet, kichaka ambacho ukuni wake huzuia maziwa yasioze. Hiyo ni kazi ya wasichana, na kwetu hapakuwa na msichana, nikaifanya mimi. Wavulana wenzangu wakaniita Chep, kama majina ya mabinti yanavyoanza. Nzige walikuwa wamekula majani na maua yote, vikabaki vijiti vitupu vya vichaka vyote viwili, ambavyo jicho halikuweza kuvitofautisha. Nilipovimenya, vyote vilinukia mti mbichi na majani yaliyopondwa. Nikikosea, maziwa yangeoza, na Mama hakuweza kumeza kitu kingine.

"Usinuse haraka, weri, mwanangu," aliniambia kutoka kitandani. "Kifumbate kijiti mkononi mpaka kipate joto, ndipo unuse."

Nikafumbata kijiti kimoja katika kila kiganja. Kijiti cha kulia kikaanza kunukia majimaji, kama nyasi za kinamasi. Cha kushoto kilibaki kichungu, na nyuma ya uchungu ule palikuwa na moshi, ingawa hakikuwa kimeona moto. Nikachoma cha kushoto. Maziwa yalikaa. Mama aliyanywa mpaka siku yake ya mwisho, lakini hayakumponya.

Siku hizi mteremko ule wote ni chai, na senetwet hupatikana kwa shida. Huko ng'ambo niliwahi kutofautisha manukato mawili ya kijani yaliyomshinda hata muuzaji mwenyewe. Lakini fahari yangu kubwa ni ya zamani zaidi. Mvua iliporudi, mjomba alinipa ng'ombe mwenye ndama, nikawarudishia majirani maziwa yao, kibuyu kwa kibuyu. Bot Chelangat nilimweka wa mwisho. Alifungua kifuniko, akanusa, akanusa tena.

"Nani alikuchagulia ukuni?"

"Mimi mwenyewe."

Akatazama nyumba yetu, mlango ukiwa umefungwa.

"Kumbe mama yako aliacha binti," akasema, akaingia ndani na kibuyu.